Mtandao Unaokufa Mvua Ikinyesha

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimetimiza miezi saba tangu nitoke nyumbani. Mgongo unauma, mikono imeota sugu juu ya sugu, lakini mtaro tumeufukia wote. Mvua ya kwanza imeshuka wakati uleule tulipokuwa tunaegemeza makoleo ukutani.

Mtaro unatoka jengo la ofisi, unapita nyuma ya bweni letu la mabati, unaishia kwenye ghala jipya upande wa pili wa uwanja. Ndani yake kuna bomba jeusi, na ndani ya bomba kuna waya wa mtandao, mwembamba kuliko kidole changu cha mwisho. Bomba ameliunga shemeji yangu, mume wa dada, kipande kwa kipande kwa gundi.

"Yaani tumechimba kaburi refu namna hii kwa ajili ya uzi?" nikamuuliza.

"Uzi huo unabeba maneno ya ofisi nzima, shemeji. Wewe umewahi kubeba maneno ya ofisi ukajua uzito wake?"

Shemeji kwa mdomo hajambo. Kwa kazi, sijui bado. Siku tulipoondoka dada aliniambia, "Mwangalie mume wangu." Hakusema nimwangalie kwa jambo gani.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Hatukutoka. Tumeshinda bwenini tukicheza karata na kugombania soketi ya umeme.

Jumanne, 12 Machi

Mvua tangu alfajiri, kazi ya nje imesimama. Nyapara akaingia bwenini na mwavuli uliopinduka, amefura. Mtandao umekufa ofisini. Tena haujafa kwa wote: karani mmoja anafanya kazi yake, wa meza ya pili anatazama kioo kilichoganda. Ijumaa nayo ilikuwa hivyohivyo.

"Nani aliunga bomba?" akauliza, na jibu analijua.

Shemeji akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Maji yameingia kwenye viungo vyako. Nikithibitisha, unafunga virago. Na ukiondoka hapa kwa uzembe, usitegemee kampuni nyingine itakuchukua, maana watanipigia mimi kuniuliza."

Shemeji akainama, akaanza kukwangua gundi iliyomgandia kwenye kucha.

Jumatano, 13 Machi

Jua kali. Mtandao mzima, kama haujawahi kuugua.

Kampuni imeleta injinia wa mtandao, mwanamke kijana. Tangu jana anaongea na kompyuta yake kuliko anavyoongea na watu, nikamwona ana maringo. Mchana akaja kwenye kivuli chetu amejishika kiuno.

"Nataka mtu mwenye gambuti na anayejua kusoma."

Nyapara akanisonta. "Mchukue huyu Mwandishi. Kila siku anaandika-andika kama karani wa mahakama, sijui ananishtaki wapi."

Kumbe alikuwa ofisini anabadilisha usanidi wa mashine iliyoko ghalani, yaani mipangilio yake, kwa kupitia huohuo mtandao. Akaipa anwani isiyo yake, yaani zile namba za kuitambulisha mtandaoni, na papo hapo mashine ikamkatia mazungumzo. "Nimejifungia nje, ufunguo nimeuacha ndani," alisema, akajicheka. Mtu wa maringo hajicheki hivyo.

Yeye alibaki ofisini kutazama upande wake, mimi nikavuka tope hadi ghalani, tukaongea kwa redio ya mkononi. Nilikuta kioo cheusi chenye maandishi meupe, hakuna picha hata moja. Niliishia darasa la sita, lakini herufi ni herufi. Akanitajia moja moja, nikabonyeza, hadi anwani ikarudi ilivyokuwa.

"Sasa tupime. Andika p, i, n, g, halafu nafasi, halafu namba nitakazokutajia."

"Nafasi ndiyo nini, dada?"

"Kile kitufe kirefu cha chini. Usikiruke, kaka. Kwa mashine hata nafasi ni herufi."

"Na hii ping inafanya nini?"

"Inapiga hodi. Mashine ya huku ikiwa hai na njia iko wazi, itakuitikia."

Ikaitikia. Mstari mmoja, wa pili, wa tatu, ikawa inateremka tu kama imepandwa na wazimu.

"Dada, haiachi!"

"Itagonga mpaka uikataze. Shika Ctrl, ubonyeze C."

Nikabonyeza, ikanyamaza. Niliporudi akaniambia kosa lake bila kulificha. Ukitaka kugusa usanidi wa mashine iliyo mbali, kwanza nakili faili la zamani. Kisha iagize mashine: baada ya dakika kumi, kama sijakuambia kitu, jirudishe ulivyokuwa. Leo alikuwa na haraka, hakufanya hata moja.

Nimerudi na tope hadi magotini. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilitoka kazini nikiwa na hamu ya kesho yake.

Jumanne, 19 Machi

Hakuna mvua, mtandao mzima. Injinia ameniomba kwa Nyapara nimsaidie kuvuta waya ghalani. Nimejifunza kwamba jina refu la faili huna haja ya kulimaliza: andika herufi chache, bonyeza Tab, mashine inamalizia yenyewe. Na mshale wa juu unarudisha amri uliyoandika mwanzo, neno kwa neno. Nikamwambia mke wangu ana mshale kama huo, jambo nililosema mwaka juzi analirudisha bila kukosea. Alicheka mpaka bisibisi ikamtoka mkononi.

Alhamisi, 21 Machi

Manyunyu asubuhi, kisha jua. Mtandao ukafa asubuhi, kisha ukapona. Ofisini sasa wanatazama mawingu kabla ya kuwasha kompyuta.

Bwenini Waziri ametuchosha leo. Ni mchomeleaji, lakini tumempa jina hilo kwa sababu hakuna jambo lisilopita kwake: zamu za kufagia, nani alale wapi, nani achaji simu kwanza. Hata kisanduku cha mtandao cha bweni ni mpango wake. Mwisho wa Februari alituchangisha tukakinunua, akamwomba karani wa stoo, ambaye chumba chake kinagusana na bweni, tutumie tundu lake la mtandao. Wakatoboa ukuta, wakapitisha waya. Sasa tunawaona watu wa nyumbani kwenye simu. Za wengine zinashika, za wengine zinagoma. Tunasema ni bahati ya mtu. Tukienda kazini Waziri anakichomoa na kukifungia sandukuni, eti wezi.

Yeye akipiga simu anajifunika pazia la shuka. Nadhani ana mwanamke mwingine.

Jumatatu, 25 Machi

Leo nitaandika sana.

Mvua ya mawe, kelele juu ya bati huwezi kusikia mtu. Mtandao ukafa. Mimi nilikuwa ghalani, Injinia ofisini, redio sikioni.

"Izime hiyo mashine, iwashe upya. Halafu andika ip, nafasi, addr. Unisomee namba za anwani."

"Mia moja tisini na mbili, nukta, mia moja sitini na nane..."

Nikasikia karatasi zikifunuliwa redioni.

"Soma tena, polepole."

Nikasoma.

"Hiyo sikuitoa mimi. Jumamosi niliiondolea anwani ya kudumu ili ipewe na mgawaji wangu, na anwani zangu zote zinaanza na kumi."

"Sasa nani ametoa?"

"Hapo ndipo penye kazi, kaka."

Akanieleza, na nilimwelewa. Mashine ikiwaka haina anwani. Inapaza sauti kwenye waya: nani atanipa anwani? Mgawaji anatakiwa awe mmoja. Wakiwa wawili, anayewahi kujibu ndiye anayesikilizwa. Huyu wa pili, tusiyemjua, anagawa anwani zake halafu anawaambia watu wapitie kwake ili watoke nje, na kwake hakuna njia ya kutoka. Ndiyo maana karani mmoja anafanya kazi na jirani yake amekwama.

Akaniambia niandike ip route, nimsomee lango, yaani anwani ya kutokea nje. Kisha ip neigh, ikatokea namba ndefu ambayo kila kifaa hutoka nayo kiwandani. Akasema kwa namba hiyo atakifuata kifaa chenyewe, swichi moja ya kuunganishia waya baada ya nyingine, mpaka alipo mwenye nacho. Hajafika mbali, mvua ikakatika, jua likatoka, wenzangu wakaitwa kazini. Injinia akapiga hodi kwenye ile anwani. Haikuitikia. Akajaribu tena, kimya.

"Ameondoka," akasema. "Hiki kitu kinaishi kwenye mvua tu. Mimi sijawahi kuona."

Jioni, bwenini, fundi rangi alikuwa analalamika simu yake imegoma. Nikamwomba nitazame. Nikaingia kwenye mipangilio yake. Mia moja tisini na mbili. Nikatazama yangu, inayoshika. Kumi.

Nimekaa kitandani na simu mbili mkononi kama mtu aliyeokota kitu cha wizi. Mvua ikinyesha tunakuwa bwenini. Tukiwa bwenini kisanduku kinawaka. Jioni na Jumapili kinawaka pia, lakini ofisi imefungwa, hakuna wa kulalamika. Maji hayajagusa waya hata kidogo.

Jumanne, 26 Machi

Nyapara ameagiza mtaro ufunguliwe, na ameagiza aufungue Shemeji mwenyewe. Injinia alimwambia haoni dalili ya maji. Nyapara akamjibu, "Dada, wewe unatafuta mzimu kwenye kompyuta. Mimi natafuta maji kwenye tope. Tuone nani atapata kwanza."

Nilitaka kusema. Sikusema. Wanaume wote wa bweni wanaona watoto wao kwa kisanduku kile.

Shemeji amechimba peke yake kutwa. Nilipita na bunda la waya nikamwona amepiga magoti anafuta kiungo kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto pua. Kikavu. Kinachofuata, kikavu. Kila kiungo alikipaka gundi mara mbili na kukifunga mpira juu, kazi ambayo hakuna aliyemwagiza. Miezi yote hii nimekuwa namwita mvivu moyoni.

"Vyote vizima," nikamwambia Nyapara.

"Bado hatujafika kilichooza."

Jumatano, 27 Machi

Nimemwendea Waziri. Alikuwa nyuma ya shuka lake. Nikaita, hakujibu, nikafunua.

Alikuwa amekaa mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye kiatu, hasemi neno. Mikono yake ndiyo inayosema. Kwenye kioo kulikuwa na msichana wa miaka kama kumi, naye anamjibu kwa vidole, haraka, anacheka bila sauti. Waziri huyu anayetupigia kelele kutwa, alikuwa kimya kabisa, na uso ambao sijawahi kuuona.

Aliponigundua hakukasirika. "Binti yangu. Hasikii tangu alipozaliwa," alisema. "Simu ya kawaida hainisaidii kitu. Ilikuwa nikitaka kumwambia jambo namwambia mama yake, mama yake anamwambia. Sasa namwambia mwenyewe."

Nikamweleza yote: hodi, anwani, wagawaji wawili. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni kisanduku."

"Kisanduku hakikujichomeka." Akafikiri. "Basi mvua ikinyesha mchana sikiwashi. Ofisi wanafanya kazi zao, sisi jioni tunapiga simu zetu. Nani ataumia?"

Nikaona ni sawa. Nilitaka sana iwe sawa.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua kubwa. Kisanduku kimefungwa sandukuni. Mtandao haukutikisika. Makarani walipiga makofi ofisini.

Nyapara akaja bwenini anang'aa kama aliyeoa. "Si niliwaambia? Tumefungua, tumekausha, tunafukia, dawa imekubali. Maana yake kosa lilikuwa pale." Akamgeukia Shemeji. "Jumamosi unaondoka. Meneja ameshakubali."

"Uliona kiungo gani chenye maji?" Shemeji akamuuliza.

"Mtandao umepona au haujapona?"

"Umepona."

"Basi."

Shemeji akaanza kukunja nguo zake pale pale. Aliniuliza kitu kimoja tu. "Shemeji, dada yako nitamwambia nini? Kwamba nimefukuzwa kwa kazi niliyoifanya vizuri? Nani ataniamini?"

Waziri alikuwa ananitazama, nami namtazama.

Alhamisi, 4 Aprili

Jana nilimwambia Waziri kwamba asubuhi nakwenda kwa Injinia, apende asipende. Nilitegemea matusi. Akasema, "Subiri nivae shati la maana."

Akakibeba kisanduku kwapani, mchana peupe, jua linawaka, tukaingia naye ofisini. Injinia alikitazama kama mtu anayekutanishwa na ndugu aliyetafutwa muda mrefu. Akakigeuza, akasoma namba ndefu iliyobandikwa chini, akalinganisha na ile niliyomsomea.

"Ndiye," alisema. Kisha akamtazama Waziri. "Waya uliuchomeka tundu lipi?"

"Lolote kati ya haya manne. Yote yanafanana, na kilifanya kazi."

"Kuna la tano." Akamwonyesha, limejitenga pembeni, rangi yake nyingine. "Ungechomeka hapa, kingegawa anwani kwa watu wa bwenini tu. Ulipochomeka kule kikawa kinagawa mpaka kwa makarani. Hata mimi nimewahi kufanya hivi, kwa mjomba wangu. Nilimzimia duka."

Nikasema Nyapara hataamini maneno. Injinia akasema hahitaji kuamini, atazame. Akamwita, akamwita na meneja, wakasimama nyuma ya makarani. Nje hakuna hata wingu. Waziri akaenda bwenini na redio, akachomeka kisanduku kama alivyokuwa akikichomeka siku zote. Injinia akawaomba makarani wazime kompyuta na kuwasha upya.

Haikuchukua muda. "Ya kwangu imekwama," akasema wa dirishani. "Na ya kwangu!"

"Mvua iko wapi?" Injinia akamuuliza Nyapara.

Kisha akamwagiza Waziri kwa redio achomoe. Wakawasha tena, zote zikapona. Injinia akasema wachomeke mara ya pili, ili mtu asije akasema ni bahati mbaya. Zikakwama tena.

Meneja akauliza nani mwenye kifaa hiki. Nilifungua mdomo kusema ni chetu sote. Waziri, aliyekuwa amesharudi, akanitangulia. "Ni mimi niliyechomeka, mzee. Hawa walikuwa wanapiga simu tu. Na aliyeunga bomba hana kosa, asiondoke."

Meneja akakichukua kisanduku, akakifungia kabatini. Waziri akapewa onyo la maandishi, na karani wa stoo vilevile. Shemeji anabaki.

Nyapara hakuomba msamaha. Kuna kipande cha mtaro kilikuwa bado wazi. Alichukua koleo akaanza kukifukia mwenyewe. Shemeji akamtazama kidogo, kisha akachukua koleo lake akaenda kumsaidia. Niliwasikia wakibishana kuhusu gundi.

Jumamosi, 6 Aprili

Bwenini hawanisemeshi. Fundi rangi ameninunia, amehamisha godoro lake. Nikipita wanasema, "Andika na hili, Mwandishi." Anayenisemesha ni Waziri tu.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Mtandao mzima. Waziri ameshinda amelala ameangalia ukuta.

Jumatatu, 15 Aprili

Injinia amezungumza na meneja. Amemwambia kukataza hakutasaidia, watu watachomeka kingine, na safari hiyo watakificha vizuri zaidi. Bora bweni lipewe waya wake na njia yake, ukiugua uugue peke yake. Meneja akasema waya upo, wa kuchimba hayupo.

Nimepeleka maneno hayo bwenini. Fundi rangi, ambaye hajawahi kushika koleo, akauliza makoleo yako wapi.

Jumapili, 21 Aprili

Tumechimba kwenye manyunyu, wote, hakuna aliyetulazimisha. Shemeji ameunga bomba. Nyapara alipita, akainama, akasema, "Paka mara mbili kama kawaida yako." Shemeji akasema, "Kumbe unaijua kawaida yangu." Tulicheka mpaka Nyapara naye akacheka.

Jumatano, 24 Aprili

Injinia ametuletea kisanduku. Amenikalisha mimi kwenye kompyuta, yeye amekaa kwenye ndoo. Nikanakili faili la zamani kwanza, bila kuambiwa. Nikabadilisha anwani za bweni zisigongane na za ofisi. Waya tundu la tano. Nikapiga hodi nje, nikaitikiwa. Nikakosea nafasi mahali fulani, ikanitukana kwa mistari mitatu, nikarudi kwa mshale wa juu nikarekebisha. Simu zote zimeshika, hata ya fundi rangi.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua zinapungua. Sina la kuandika zaidi ya uchovu.

Jumapili, 12 Mei

Nyapara ametukubalia likizo, mimi na Shemeji, pamoja.

Leo Waziri ameniita nyuma ya shuka lake. Siku hizi shuka halifungi vizuri, analiacha tu. Binti yake alinitazama kwenye simu, akauliza kitu kwa vidole.

"Anauliza wewe ni nani," akasema Waziri. "Nimemwambia ndiye aliyetaka kutukatia, halafu akatuunganisha. Sasa anauliza utarudi kwenu lini."

Mke wangu mwenyewe nilikuwa sijamwambia, kwa kuogopa kutaja siku halafu ikapita. Nikamwomba Waziri anionyeshe inavyosemwa. Akaninyoosha vidole kimoja kimoja, vinene hivi, vimekakamaa kwa koleo. Nikakosea, binti akacheka akatikisa kichwa, nikarudia kutoka mwanzo. Mara ya tatu akaelewa, akairudia kwa mikono yake midogo ili nihakikishe.

Narudi Jumamosi, tarehe 22 Juni.